Mfanya Biashara Aliyetunga Hadithi Uzeeni

Wako watu wengi, na hasa waalimu na makarani, wanaodhani ya kuwa kutunga kitabu cha hadithi ni kazi ya kijana, au ya mtu aliyeizoea kazi hiyo tangu ujana wake. Husema, Mimi nimekwisha zeeka katika kazi yangu; nimepima nguo dukani, nimeandika hesabu, nimechoma matofali; kalamu ya hadithi si yangu tena. Neno hili nataka kulipima kwa kitabu kimoja ambacho wengi wetu tumekisoma, au tumesikia habari zake shuleni, yaani Robinson Crusoe. Swali langu ni hili: kazi ya miaka mingi humpa mtungaji nini, na humnyima nini?

Aliyekitunga kitabu hicho ni Daniel Defoe. Alizaliwa London karibu na mwaka 1660, mwana wa mtu aliyefanya biashara ya mishumaa ya mafuta ya wanyama. Wazazi wake walikuwa katika Wakristo wasiokubali kufuata taratibu za Kanisa la serikali ya Uingereza. Akapelekwa katika chuo cha watu wa namna hiyo, ikakusudiwa awe mchungaji. Lakini yeye akachagua biashara. Akauza soksi, mvinyo na tumbako, akatia mali yake katika merikebu. Mwaka 1692 akafilisika, na deni lake likafika pauni 17,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Akaanza tena, akawa na kiwanda cha matofali na vigae huko Tilbury, karibu na mto Thames. Hata mwaka 1702 akaandika kijitabu cha kuwadhihaki wakubwa waliowachukia watu wa dhehebu lake. Akakamatwa, na mwaka 1703 akasimamishwa siku tatu mbele ya watu, shingo na mikono imebanwa kati ya mbao, kisha akarudishwa gerezani. Alipokuwa kifungoni kiwanda chake kikaanguka. Baada ya hayo akatumikia wakubwa wa serikali kwa siri, akatoa gazeti lake tangu 1704 mpaka 1713, akaandika vijitabu vingi juu ya biashara, dini na siasa.

Basi mtu huyu alikuwa karibu na umri wa miaka 60 Robinson Crusoe ilipotolewa, mwezi wa Aprili mwaka 1719. Jina lake halikuwamo kitabuni. Iliandikwa kwamba Crusoe mwenyewe ndiye aliyeandika habari zake. Katika mwaka ule ule kitabu kikapigwa chapa mara nne. Baada yake, katika muda wa miaka mitano tu, akatoa Moll Flanders, habari za tauni ya London, na Roxana. Tuseme nini? Je! Miaka 40 ya biashara ilikuwa hasara kwa mtungaji huyu?

Hasha. Kitazameni kitabu chenyewe. Crusoe anapotupwa kisiwani peke yake, baada ya siku chache za kulia, anafanya nini? Anafanya kama mfanya biashara. Anachukua karatasi, anaandika upande mmoja mabaya yaliyompata, na upande wa pili mema aliyosaziwa, kama daftari ya mtu mwenye kudai na kudaiwa. Anahesabu misumari, baruti, shoka na mikate iliyomo merikebuni. Anakata alama katika mti ili asipotewe na siku. Mtungaji asiyepata kufilisika angetuambia kwamba Crusoe alihuzunika, kisha akafarijika. Defoe anatuonyesha daftari, nasi twaamini, maana twajua ya kuwa ndivyo afanyavyo mtu aliyepoteza vyote akataka kujua kimebaki nini.

Tena itazameni habari ya vyungu. Crusoe anafinyanga udongo, na vyombo vyake vyapasuka kwa jua, vingine vyaanguka kwa uzito wake. Hata siku moja anaona kigae kimeanguka motoni, kimekuwa kigumu kama jiwe na chekundu kama tofali. Ndipo anapofahamu, akapanga vyungu, akavizungushia moto, akaupunguza polepole usiku kucha ili visipasuke. Mama zetu wanaofinyanga wakisomewa maneno haya watajua mara moja kwamba aliyeyaandika amepata kusimama karibu na tanuri. Na ndivyo ilivyokuwa. Kiwanda cha Tilbury kilikufa, walakini moto wake ungali ukiwaka katika kurasa hizi.

Hata mafundisho ya uchungaji aliyoyaacha ujanani hayakupotea. Crusoe anaona mashuke ya shayiri yameota karibu na mlango wake, naye anamshukuru Mungu kwa mwujiza. Kisha anakumbuka kuwa yeye mwenyewe alikung'uta mahali pale mfuko wa makapi ya chakula cha kuku, na shukrani yake yapoa. Baadaye anafikiri tena: ni nani aliyezihifadhi punje chache zile zisiliwe na panya, zikaanguka penye kivuli, wala si penye jua kali? Hapa hatuhubiriwi kwa nguvu. Twauona moyo wa mtu ukipanda na kushuka, kama mioyo yetu.

Kitabu kina makosa madogo. Crusoe avua nguo zake aogelee mpaka merikebuni, kisha mara ajaza mifuko yake mikate. Charles Gildon, mwandishi wa siku zile, alimcheka sana Defoe kwa neno hili katika mwaka ule ule wa 1719. Kosa la namna hii ni la mtu aandikaye upesi, wala halivunji kitabu. Liko kosa kubwa zaidi, nalo ndilo linalotupasa sisi kulinena.

Kabla ya kufika kisiwani, Crusoe alitekwa na maharamia, akawa mtumwa huko Sallee, katika nchi ya Morocco. Akatoroka kwa mashua pamoja na kijana jina lake Xury, aliyemsaidia kwa uaminifu. Nahodha Mreno akawaokoa baharini, akataka kumnunua kijana. Crusoe akasita kidogo. Nahodha akaahidi kumwacha huru baada ya miaka 10 kama akiwa Mkristo. Xury mwenyewe akasema yu radhi. Na Crusoe akamwuza kwa reale 60. Baadaye, akiwa na shamba lake Brazil, anajuta kwa kumwachilia Xury. Mbona anajuta? Kwa sababu hana mikono ya kutosha shambani! Na merikebu iliyomvunjikia ilikuwa ikienda pwani ya Guinea kuchukua watumwa. Kisiwani anazihesabu dhambi zake, hasa kumwasi baba yake. Lakini safari ile aijutia kama mtu ajutiavyo biashara mbaya, akisema moyoni kwamba angalingoja angaliweza kununua watumwa pale pale mlangoni pake.

Hapa daftari imekuwa kitambaa machoni. Defoe alikuwa mtu wa biashara wa siku zake, na katika gazeti lake aliitetea biashara ya Afrika. Jicho lililoona punje ya shayiri halikuona kijana aliyeuzwa. Sisi, ambao babu zetu wengine walipitishwa Unguja kabla soko la watumwa halijafungwa mwaka 1873, hatuwezi kuupita ukurasa huo kimya. Anayetaka kusikia upande wa pili na asome Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934, ambamo mwana wa watu waliokombolewa anasimulia mambo ya utumwa na ukombozi.

Walakini si haki kuacha hapo. Ijumaa, yule mtu ambaye Crusoe alimwokoa na kumfundisha kwanza neno Bwana, siku moja anauliza: Ikiwa Mungu ana nguvu kuliko Shetani, mbona hamwui? Crusoe anajifanya hakusikia, kisha amtuma mbali apate kuomba. Na baadaye anakiri kwamba Ijumaa amekuwa Mkristo mwema kuliko yeye. Katika maneno haya hadithi imemshinda mtungaji wake, ikaona mbali kuliko alivyoona mfanya biashara.

Basi, hukumu yangu ni hii. Robinson Crusoe ni kitabu cha kusomwa, si cha kuabudiwa. Na mwalimu anayekisoma darasani asiruke habari ya Xury, bali awaulize watoto, Je! Ilikuwa haki? Na wewe uliyeishika kazi yako miaka 30, ukiwa unatamani kuandika, usiseme wakati umepita. Defoe alikufa mwaka 1731, akazikwa London katika makaburi ya Bunhill Fields, alikozikwa pia John Bunyan, fundi wa masufuria aliyeandika safari ya Msafiri. Wote wawili waliandika kwa vyombo vya kazi zao. Andika nawe mambo ambayo mikono yako inayajua. Lakini kabla ya kuweka kalamu chini, tazama tena katika daftari yako, kama hakuna mtu uliyemwandika katika hesabu ya mali.