Mawese Yanayoelesha Shaba

Dondosha tone la maji kwenye sahani iliyopakwa mawese: halitandazi. Linajikunja, linakuwa duara, ukiinamisha sahani linaviringika na kuondoka. Kila aliyekulia Ujiji amekwisha kuliona hilo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kolwezi katika eneo la Katanga nchini Kongo, mafundi wa migodi walilitumia kutoa shaba kwenye mawe, tena kwa mafuta ya mchikichi yenyewe.

Shaba nyingi ya Katanga iliyo karibu na uso wa ardhi ni malakaiti, jiwe la kijani. Dawa zinazoelesha madini yenye salfa, kama ya mgodi wa Bulyanhulu, haziishiki vizuri. Mawese huishika. Huchemshwa hadi asidi za mafuta ziachane na glisirini, huchanganywa na dizeli, kisha humiminwa kwenye mbale, yaani mawe yenye madini, iliyosagwa na kukorogwa na maji. Molekuli ya asidi hiyo ina kichwa na mkia. Kichwa hung'ang'ania shaba, mkia hukimbia maji. Chembe ikishavikwa utando huo mwembamba mno, hailowi tena. Hewa ikipulizwa, chembe hugongana na kiputo, hunata, hupanda nacho, na juu ya tangi hukusanyika povu la kijani linalokwanguliwa ukingoni. Malakaiti ni nzito kuliko mchanga, lakini ndiyo inayopanda. Mchanga unabaki chini kwa kuwa umekubali kulowa. Povu likikaushwa huwa makinikia, kama yale tuliyojadili nchi nzima mwaka 2017 makontena yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam.

Ninachokistahi zaidi ni kipimo. Mafuta yakipungua, shaba huzama na taka. Yakizidi, taka nazo huelea. Na kichwa kile hakipendi shaba peke yake, hushika pia kalsiamu na magnesiamu, hivyo mbale yenye dolomiti huvuruga kazi yote. Mawese hufaa mbale ya silika, na hata hapo huongezwa magadi na silikati ya sodiamu ili udongo utulie. Ikija ya dolomiti, fundi huyaweka mawese kando, huivika malakaiti salfa kwanza, ndipo arudie dawa zile za madini yenye salfa. Kwangu, fundi anayejua mwisho wa dawa yake ndiye fundi kamili.

Mambo haya si ya mbali nasi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, Wabelgiji wakapewa eneo lao bandarini mwaka 1921, na mizigo ya Kongo ikapita hapa kwenda pwani. Sabuni ya mawese inayopikwa kwetu kwa kostiki soda nayo hufanya kazi kwa kichwa na mkia vilevile: mkia hushika grisi, kichwa hushika maji.

Mwalimu wa kemia wa Kigoma, usiende mbali kutafuta mfano. Waambie wanafunzi kwamba mafuta ya mchikichi yana uwezo wa kuchagua shaba ndani ya tope, na uwaeleze pia yanaposhindwa.