Kiendeshi, Kuanguka na Kadi Iliyotumika: Uhakiki wa Istilahi Chache za Kompyuta

Maelekezo ya kompyuta ni miongoni mwa maandishi ya ufundi yanayofasiriwa kwa wingi katika Kiswahili. Katika uhakiki huu tumechagua sehemu ndogo ya maandishi hayo, nayo ni maelekezo anayopewa mtu aliyenunua kadi ya michoro iliyokwisha kutumika, akaiweka katika kompyuta yake, kisha akaona michezo yake inakatika kila baada ya dakika chache. Yamkini baadhi ya wasomaji wetu watauliza kwa nini tujishughulishe na michezo ya vijana. Jibu letu ni kwamba kadi hiyohiyo hutumiwa na mwanafunzi wa uchoraji wa majengo na mhariri wa filamu. Tena, aghalabu anayenunua kadi iliyotumika hana dhamana ya duka. Fedha yake imekwisha kutoka, na fundi wake wa kwanza ni karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo ikimpoteza, atanunua kifaa kingine asichokihitaji, au atatupa kadi nzima isiyo na kasoro.

Kwa hiyo kipimo tutakachotumia hapa ni kimoja: je, anayeifuata istilahi hufika kwenye kifaa kinachohusika? Uzuri wa neno masikioni na asili yake, iwe ya Kibantu, ya Kiarabu au ya Kiingereza, ni mambo yanayokuja baadaye.

Mzizi mmoja, vitu vitatu

Tuanze na neno la Kiingereza "driver". Kitu chenyewe ni programu inayokaa kati ya mfumo wa kompyuta na kifaa. Mfumo unapotaka picha ichorwe, programu hiyo huipokea amri na kuigeuza iwe katika lugha inayofahamiwa na kadi. Kazi yake, kwa kweli, inafanana na ya mkalimani kuliko ya mwendeshaji.

Wafasiri wetu wamelipa jina la "kiendeshi". Kwa upande wa uundaji wa maneno hatuoni kosa: ni nomino iliyonyambuliwa kutoka kitenzi "endesha" kwa utaratibu unaojulikana. Tatizo ni kwamba mzizi huohuo umebebeshwa mizigo mingine miwili. Kifaa cha kuhifadhia kumbukumbu, ambacho kwa Kiingereza huitwa "drive", nacho huandikwa "kiendeshi", kama tunavyoona katika "kiendeshi cha USB". Na mfumo mkuu wa kompyuta, kama vile Windows, huitwa "mfumo endeshi". Matokeo yake mfasiri aweza kuandika, bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi: "Hakikisha kiendeshi kinaafikiana na mfumo endeshi uliomo katika kiendeshi chako." Msomaji asiyejua Kiingereza hana njia ya kujua kwamba kiendeshi cha kwanza ni programu na cha pili ni diski.

Hatari nyingine imo katika kiambishi "ki-". Katika lugha yetu maneno kama kijiko, kisu na kifuniko hutaja vitu vya kushikika. Msomaji akiambiwa "badilisha kiendeshi", si ajabu akatafuta bisibisi. Mwalimu anayefundisha somo hili hana budi kueleza tangu mwanzo kwamba kiendeshi hakishikiki kwa mkono, na kwamba hubadilishwa bila kulifungua sanduku la kompyuta.

Wako wanaokwepa tatizo hili kwa kuandika "dereva", hasa katika tafsiri zinazofanywa na mashine. Huko tunakutana na sentensi za namna ya "sakinisha madereva wapya wa kadi", ambazo hazihitaji maelezo. Lakini tusiwacheke upesi. Mafundi wanaposema "draiva" huliweka katika ngeli ya i-/zi-: "draiva ya kadi imekataa", "draiva za zamani zifutwe". Hapo upatanisho wa sarufi umekwisha kumtenga dereva wa gari, ambaye "amekataa", na programu, ambayo "imekataa". Mtumiaji wa kawaida ametatua kwa ngeli jambo ambalo mfasiri amelishindwa kwa kamusi.

Pendekezo letu ni hili. "Kiendeshi" kibaki, kwa kuwa kimekwisha kuenea katika maandishi, lakini kitumike kwa programu tu. Kifaa cha kuhifadhia kiitwe "diski", neno ambalo limezoeleka. Na kila kiendeshi kinapotajwa mara ya kwanza katika maelekezo, kiandikwe kwa ukamilifu: "programu ya kiendeshi cha kadi, yaani draiva."

Kufunga, kuweka na kuondoa

Kosa la pili linahusu vitenzi. Fundi "hufunga" kifaa, yaani hukikaza mahali pake. Lakini mtumiaji wa kompyuta "hufunga" programu, yaani huimaliza. Kwa hiyo amri "funga kadi, kisha funga mchezo" ina vitenzi viwili vyenye umbo moja na maana zinazopingana. Kitenzi "weka" nacho hakisemi kinachowekwa ni chuma au programu, na "ondoa kadi ya zamani" haisemi kama msomaji atumie mkono wake au kibodi.

Utata huu una gharama, kwa sababu katika kazi hii mpangilio wa hatua ndio tiba yenyewe. Mabaki ya kiendeshi cha kadi ya zamani ni chanzo kinachojulikana sana cha kukatika kwa michezo, hasa pale kadi ya zamani inapokuwa ya kampuni moja, mathalani NVIDIA, na mpya ya nyingine, mathalani AMD. Mafundi wengi huyasafisha mabaki hayo kwa programu iitwayo Display Driver Uninstaller, wakiwa wameiwasha Windows katika hali salama, na wakiwa wamekata intaneti ili Windows isijiletee kiendeshi kingine yenyewe kabla ya wakati.

Lugha yetu ina jozi nzuri ambayo wafasiri wameiacha: chomeka na chomoa. Kila mwenye pasi nyumbani anaifahamu. Tukitenga "chomeka" na "chomoa" kwa vitu vya kushikika, na "sakinisha" na "ondoa" kwa programu, maelekezo yatasomeka hivi: "Ondoa kiendeshi cha zamani. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Chomoa kadi ya zamani, chomeka kadi mpya, unganisha nyaya zake za umeme. Washa kompyuta, kisha sakinisha kiendeshi kipya." Hakuna hatua hapo inayoweza kusomwa kwa maana mbili. Wako wanaolilalamikia neno "sakinisha" kuwa ni geni, lakini asili yake ni moja na ya "maskani", na programu iliyosakinishwa ni programu iliyopewa maskani yake. Tunaona neno hilo limejitosheleza.

Je, mchezo "huanguka"?

Sasa tufike kwenye kosa tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Neno la Kiingereza "crash" hutumika kwa ndege na pia kwa programu. Kwa kuwa ndege huanguka, wafasiri wameamua kwamba na mchezo "huanguka". Katika Kiswahili huanguka mtu, mti, bei na serikali. Mchezo ukiambiwa umeanguka, msomaji hapati picha yoyote ya kile anachopaswa kukitazama. Wengine huandika "umeacha kufanya kazi", na kauli hiyo ikihamishiwa kwenye kadi, mtu ataelewa kwamba kadi imekufa.

Ubaya wa neno "kuanguka" ni kwamba linafunika matukio manne yaliyo tofauti, na kila tukio lina chanzo chake.

La kwanza ni mchezo kujifunga na kumrudisha mtu kwenye skrini ya mwanzo, huku kompyuta ikiendelea vizuri. Hapa kiendeshi na mafaili ya mchezo ndivyo vya kushukiwa kwanza.

La pili ni picha kukwama, skrini kuwa nyeusi kwa muda mfupi, kisha kurejea pamoja na taarifa kwamba kiendeshi kiliacha kuitikia. Tangu toleo la Windows Vista, mfumo huo huisubiri kadi kwa sekunde 2, na isipoitikia hukiwasha upya kiendeshi chake. Taarifa hiyo hukitaja kiendeshi, lakini si hukumu kwamba kiendeshi ndicho kibovu. Kadi iliyochemka au iliyoongezewa kasi kupita kiasi huleta taarifa hiyohiyo.

La tatu ni kompyuta nzima kuzimika au kujiwasha upya ghafla mchezo unapokuwa mzito. Hapa mtu atazame umeme. Tundu la kadi hutoa wati 75 tu. Waya wa pini 6 huongeza 75, na wa pini 8 huongeza 150. Kadi kama Radeon RX 580 ya mwaka 2017 imekadiriwa wati 185, kwa hiyo haiwezi kutegemea tundu peke yake, na kigawa umeme dhaifu au kilichozeeka hakitaimudu. Mtu wa namna hii asakinishe viendeshi kumi, hatapona.

La nne ni picha kuchafuka: madoa, mistari au vijisanduku vya rangi. Hayo yakionekana kompyuta inapowashwa tu, kabla ya Windows kuamka, kiendeshi hakina hatia, kwa kuwa bado hakijapakiwa. Ikiwa skrini na waya wake ni vizima, ugonjwa umo ndani ya kadi yenyewe, na mara nyingi ni katika kumbukumbu yake. Mnunuzi anayelijua hilo atairudisha kadi kwa muuzaji siku hiyohiyo badala ya kupoteza wiki nzima akibadilisha programu hadi muuzaji amkane.

Huenda tukajibiwa kwamba Kiingereza chenyewe hutumia neno moja kwa yote hayo. Ni kweli, lakini umaskini wa lugha chanzi si amana tunayolazimika kuitunza. Tunayo maneno yetu: kujifunga, kukwama, kuzimika na kuchafuka. Na pale matini chanzi yasipoonyesha ni tukio lipi, tunapendekeza neno la jumla "kukatika". Umeme hukatika, simu hukatika, na kila msemaji wa Kiswahili hufahamu kwamba kitu kilikuwa kikiendelea kikakoma bila ya yeye kutaka. Tunajua kwamba neno hilo lina kazi nyingine katika ngoma, lakini hatudhani kwamba msomaji wa maelekezo ya kompyuta atapotoshwa nalo.

Kadi ya namna gani?

Mwisho tutaje sifa za kadi yenyewe. Katika matangazo ya biashara maneno "mtumba", "iliyotumika" na "iliyokarabatiwa" hubadilishana nafasi kana kwamba ni kitu kimoja. Kadi iliyokarabatiwa imepita mikononi mwa fundi, iliyotumika haikupita. Tofauti hiyo ina uzito zaidi tangu tarehe 15 Septemba, 2022, pale mtandao wa Ethereum ulipoacha utaratibu uliohitaji kadi za michoro kwa uchimbaji wa sarafu za kidijiti, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo mchana na usiku zikaingia sokoni. Baadhi yake zilibadilishwa programu ya ndani, yaani BIOS, ili zifae kwa uchimbaji. Kadi ya AMD ya namna hiyo yaweza kukataliwa na kiendeshi halali mpaka irudishiwe BIOS yake ya asili. Inahitaji kukarabatiwa, wala haijafa.

Nje ya hizo iko kadi "bandia". Mfano unaojulikana ni GeForce GTX 550 Ti ya mwaka 2011 iliyobadilishwa jina lisomeke GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016. Viendeshi vipya vya NVIDIA haviikubali, kwa sababu kizazi chake kiliondolewa katika matunzo ya kawaida mwaka 2018. Kwa mnunuzi, tatizo huonekana kuwa la kiendeshi; kwa hakika ni la ulaghai. Programu ya GPU-Z huweza kuitambua kadi ya namna hiyo na kuiwekea alama ya ubandia. Mfasiri anayeandika "kadi ya mtumba" kwa zote tatu amemnyima msomaji onyo alilolihitaji kabla ya kulipa.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wanaoandaa miongozo ya ofisi mambo manne: kiendeshi kiwe programu tu, na diski ibaki diski, kuchomeka na kuchomoa kuwe kwa vifaa, kusakinisha na kuondoa kuwe kwa programu, neno "kuanguka" liachwe, na mahali pake yashike maneno yanayotaja dalili yenyewe, na kadi iliyotumika, iliyokarabatiwa na bandia zitenganishwe kwa majina. Wasomaji wanaofundisha au kutengeneza kompyuta tunawaomba watuletee maneno yanayotumiwa na mafundi wa mahali pao kwa dalili hizi nne, hasa pale yanapotofautiana na haya tuliyoyataja. Maneno hayo yajaribiwe kwanza mbele ya mtu mwenye kadi mbovu mkononi, ndipo yaletwe kusanifishwa.