Glasi Ndogo ya Constantia

Nilipoacha kampasi nilifanya kazi ya uweita. Huko nilijifunza divai tamu: iwe baridi, glasi iwe ndogo, ikibaki rudisha kizibo uiweke friji.

Ndiyo maana nilicheka nikisoma Sense and Sensibility (1811) ya Jane Austen, Mrs Jennings anapoleta glasi ya Constantia kumliwaza Marianne aliyeachwa na mpenzi. Marianne ashalala, so dadake Elinor anaimeza mwenyewe. Kumbe naye anaumia kimyakimya, na Austen anatuonyesha hilo kwa glasi moja tu. Hapo nampa heko.

Lakini Constantia ni shamba, karibu na Cape Town. Zabibu ziliachwa kwenye mzabibu hadi zisinyae, utamu ukolee. Waliofanya kazi ile walikuwa watumwa. Rasi ilikuwa ikiwaleta watu hata kutoka Msumbiji na Madagaska. Utumwa ulifutwa huko 1834, miaka 23 baada ya riwaya kutoka.

Austen, bingwa wa kuona maumivu yaliyofichwa, haya hakuyaona. Sikushangaa. Nimebeba trei mwaka mzima. Wateja huiangalia glasi, mbebaji hata jina hawamuulizi.