Sadko na Sauti ya Mghani

Opera ya Sadko, iliyotungwa na Nikolai Rimsky-Korsakov na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow katika Januari 1898, yatokana na tenzi simulizi za Warusi ziitwazo bilina. Sadko ni mpigaji wa gusli, ala ya nyuzi, katika mji wa Novgorod. Kwa muziki wake ampendeza binti wa Mfalme wa Bahari, avua samaki wa dhahabu, atajirika. Mwishowe binti huyo ageuka kuwa mto Volkhov, na mji wapata njia ya kufikia bahari.

Kisa hiki ni chepesi, na mtunzi amekitandaza mno katika maonyesho saba, ambamo mengi ni ya kutazamwa kuliko kutendwa. Lyubava, mkewe Sadko, hakupewa kazi kubwa ila kulia na kungoja. Hata hivyo opera yasimama, kwa kuwa nguvu yake imo katika namna ya kusema. Mtunzi alichukua mwendo wa waghani wa vijijini, hasa wa ukoo wa Ryabinin, akamghanisha Sadko kwa mwendo huo. Sauti ya gusli akaiiga kwa kinubi na piano. Viumbe wa baharini akawapa ngazi za sauti za kubuni, hata sikio huwatenga na wanadamu kabla ya maneno kueleweka.

Jambo hili lina uzito katika nchi za nanga. Kasulo, wilayani Ngara, i jirani na Rwanda na Burundi; lugha za wilaya hiyo, Kihangaza na Kishubi, ni za toni, kama Kirundi. Huko Burundi iko nanga ya kunong'ona: mnong'ono hauwezi kubeba toni, basi nyuzi huibeba, na msikilizaji hulipata neno kamili. Kiswahili hakina toni. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo hekaya ya huko ikifasiriwa kwa ajili ya jukwaa, kisa chaweza kufika salama na usemi ukabaki njiani.

Basi mwandishi wa tamthilia yampasa amsikilize mghani kabla ya kushika kalamu, na nanga aipe zamu ya kusema, isiwe pambo nyuma ya maneno. Asipofanya hivyo, watazamaji watapewa muhtasari wa hekaya, na hekaya yenyewe itabaki kwa mghani.