Dohani Iliyowekwa Mbele

Ukilitazama tanuri la pizza la matofali, lile linalojengwa uani, utadhani fundi kakosea. Dohani yake haiko nyuma, wala haikutoboa kilele cha kuba. Imesimama mbele, juu ya mlango, na ukichungulia vizuri utaona kwamba iko nje kabisa ya chumba cha moto. Moshi hutoka mlangoni kwanza, ukapita mbele ya uso wa mpishi, ndipo unapomezwa na bomba. Kwa macho yaliyozoea majiko ya kuni ya shule zetu, ambayo bomba lake husimama nyuma ya sufuria, umbo hili ni kinyume cha akili. Lakini umbo husomwa kwa kazi yake, na kazi ya dohani hii si ile tunayoidhania. Viungo vingine vyote vya tanuri vimejengwa kwa ajili ya moto. Dohani imejengwa kwa ajili ya mtu.

Tuanzie ndani. Kuba la tanuri la namna ya Napoli ni la chini, limebonyea kuliko nusu duara, na lina tundu moja tu, mlango. Mafundi wengi hushika kipimo kwamba mlango uwe na kimo cha asilimia 63 hivi ya kimo cha kuba: kuba la sentimita 50, mlango wa karibu sentimita 32. Tofauti hiyo ya sentimita 18 ndiyo roho ya jengo. Hewa ya moto hupanda, ikajaa chini ya dari, na haina njia ya kutoka mpaka ijae na kushuka hadi usawa wa juu wa mlango. Wakati huohuo hewa baridi huingia kwa chini, kupitia mlango uleule, ikitambaa sakafuni kuufuata moto uliosukumwa ubavuni. Mlango mmoja, mikondo miwili, na hakuna kinachoitenganisha ila uzito wa hewa yenyewe. Mwali hupanda ukuta, hulamba dari kutoka upande hadi upande, ndipo huinama kuja mbele. Safari hiyo ndefu si ajali. Matofali ya dari yanapaswa kulipwa joto lao kabla moshi haujaruhusiwa kuondoka.

Sasa toboa kilele uweke bomba hapo, kama wengi wanavyotamani. Mwali utakwenda juu moja kwa moja na kutoka. Kuba halitapata kitu, na pizza hulitegemea kuba. Masharti ya pizza ya Napoli, ambayo Umoja wa Ulaya uliyasajili mwaka 2010 kama chakula cha jadi chenye namna yake ya kutengenezwa, yanataka tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 485 za Selsiasi na muda wa sekunde 60 hadi 90. Kwa muda mfupi kiasi hicho hewa ya ndani haiwezi kuivisha jibini na nyanya peke yake. Sakafu huivisha chini, na juu huivishwa na mng'ao wa joto unaotoka kwenye matofali ya dari. Mng'ao huo hukua upesi mno kadiri dari inavyopata moto, ndiyo maana kuba lililopoa kidogo tu hutoa pizza iliyoungua chini na kupauka juu. Fundi mzoefu hahitaji kipimajoto: dari huanza kwa kuwa nyeusi kwa masizi, na inapokolea moto masizi yale huungua yenyewe, matofali yakabaki meupe.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi katika umbo hili ni ndogo, na wajenzi wengi wa uani huipita bila kuitazama. Ni ule ukingo wa matofali, ngazi ya sentimita chache, ambapo kifuniko cha mlango hukaa. Ukingo huo uko nyuma ya dohani. Mpishi akimaliza pizza, akaondoa makaa na kufunga mlango ili aoke mkate kwa joto lililobaki ukutani, dohani inabaki nje pamoja naye. Chumba kimezibwa kabisa, na joto linaweza kukaa humo usiku kucha. Ndiyo sababu bomba hili halihitaji kifunga-moshi cha ndani. Mlango ndio unaolifunga, na hata hivyo haukulifunga. Umeliacha tu nje. Ni nadra kuona jambo gumu likimalizwa kwa kuhamisha kitu hatua moja mbele. Aliyeweka bomba kwenye kilele atalazimika kununua bamba la kuziba, kulifungua na kulifunga, na kila mara litavujisha joto lile alilolitafuta kwa kuni za saa nzima.

Ushahidi kwamba moto wenyewe haudai dohani hatuna haja ya kuufuata mbali. Mkate wa mofa huiva katika tanuri la udongo lisilo na bomba lolote. Moshi hutoka palepale mkono unapoingia. Na hata matanuri ya kuba ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79 ukiwa na zaidi ya maduka 30 ya waokaji, yalifanya kazi kwa kuba lilelile na mdomo mmoja. Dohani inakuja pale mtu anapotaka kusimama mbele ya mdomo huo jioni nzima, akigeuza pizza kwa koleo refu, bila kufumba macho.

Kwa hiyo dohani ihukumiwe kutoka pale anaposimama mpishi. Ukiisoma hivyo, urefu wake, ambao wenye nyumba hupenda kujivunia, hushuka cheo, na koo hupanda. Koo ni ule uwazi juu ya kizingiti cha mbele, mpana kama mlango kwa chini, unaosongamana taratibu hadi kuingia bomba la duara. Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, aliandika mwaka 1796 juu ya meko za kuotea moto za Uingereza zilizokuwa zikitapika moshi vyumbani, na tiba yake kubwa ilikuwa kulifinya koo. Somo lake linakaa vizuri hapa, ila kwa kiasi. Koo la tanuri likikatwa ghafla, mraba ukakutana na duara bila mteremko, moshi huzunguka pembeni na kurudi usoni. Matofali yakiegemezwa hatua kwa hatua, moshi hupanda bila kujua kwamba umeongozwa.

Mvuto wenyewe ni hesabu ya uzito. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 ina karibu kilo 1.2, ikipata nyuzi 300 hubaki karibu kilo 0.6. Hewa nzito ya nje huisukuma ile nyepesi iliyomo bombani, na kadiri bomba linavyorefuka ndivyo msukumo unavyozidi. Mita moja yatosha kwa tanuri lililo wazi uani, lenye bomba la kipenyo cha sentimita 15, au 20 kama sakafu inavuka mita moja. Palipo na paa ni habari nyingine. Hapo Wamarekani hutaka bomba lizidi paa kwa sentimita 90 pale linapotokea, na lizidi kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita tatu. Kwenye paa la makuti ningeongeza wavu wa kuzuia cheche, kisha bado nisilale vizuri.

Juu ya vifaa nitasema machache. Bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye urefu wa mita moja, likipata nyuzi 300 zaidi hurefuka karibu milimita tano. Matofali ya urefu huohuo hayafiki milimita mbili. Fundi anayelizungushia bomba saruji ngumu amejenga ufa. Nafasi ndogo iliyojazwa kamba ya kuhimili moto huumaliza ugomvi huo. Na bati la kawaida, lile la paa, lisitumike karibu na koo kwa hali yoyote: limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, ikatoa mvuke usiofaa kuvutwa, tena juu ya chakula.

Sura ya nje ndipo ladha hupotea. Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamekuwa na makazi tangu kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilipoanzishwa Ngomeni katika miaka ya 1960, matanuri haya ni ya kawaida, na mengi yamevikwa vigae, kokoto au plasta ya chokaa. Chokaa sina ugomvi nayo. Ninalolitazama kwanza ni ukuta ulio juu ya tao la mbele. Ukiwa safi, koo limenasa moshi wote. Ukiwa na ulimi mweusi wa masizi unaopanda kuelekea bombani kwa nje, basi tao la mbele limejengwa juu mno, likazidi usawa wa kuingilia koo, au kibaraza kilicho mbele ya mlango ni kifupi kiasi kwamba moshi hutoka nje kabla haujapanda. Wenye nyumba wengi hupaka rangi upya kila msimu, na wengine huongeza kipande cha bomba juu. Urefu huo wa ziada husaidia kidogo siku zisizo na upepo. Dawa iko chini, kwenye tao: livunjwe, lijengwe upya likiwa chini kwa upana wa tofali moja, na kibaraza kiongezwe mpaka mkono wa mpishi uanze kulalamika.