Kumtambua Rubani Stadi wa Puto

Tangu Alan Root alipoanzisha safari za puto la hewa moto kwa wageni huko Maasai Mara, mwaka 1976, abiria wamekuwa wakimsifu rubani kwa kadiri alivyowapandisha juu. Na sifa hiyo, ijapokuwa ya nia njema, haimstahili, kwa kuwa kupanda ni kazi ya moto, na hata mwanagenzi huiweza. Atakaye kuujua umahiri wa fani hii, au anayetafuta mwalimu wa kumfunza, na autazame mkono ulioshika vali ya gesi wakati kapu linapoambaa juu ya vilele vya migunga.

Puto halitii amri papo hapo. Hewa iliyomo ndani ya kitambaa chake cha nailoni ina uzito wa tani kadhaa, na moto ukishatiwa, hupita sekunde nyingi kabla ya mwendo kubadilika. Mwanagenzi huliona linashuka, akatia moto. Akidhani halijasikia, huongeza. Mara likapaa kupita alivyokusudia, naye akafunga gesi kwa hofu mpaka likaanza kuporomoka tena, na safari yake nzima ikawa ya kupanda na kushuka mithili ya mashua kwenye mawimbi ya kusi. Stadi hutia moto kidogo kidogo, tena mapema, ilhali abiria hawajaona bado haja yake. Huo ndio ustadi wenyewe, na mengine yote ni matawi yake.

Kwa vile puto halina usukani, rubani huchagua upepo badala ya kuuamuru, maana aghalabu upepo wa chini na ule wa juu hauelekei upande mmoja. Kabla ya kuondoka hurusha kiputo kidogo na kukifuata kwa macho hadi kitoweke. Na akiwa angani, ukimwona anatema mate nje ya kapu na kuyatazama yanavyoanguka, usimdhanie mtovu wa adabu: anapima upepo ulio chini yake.

Katika hatari zote, nyaya za umeme ndizo zinazotisha zaidi. Huko Carterton, New Zealand, mwaka 2012, watu 11 walifariki puto lao lilipozigusa, na mwaka 2016, karibu na Lockhart, Texas, wakafa 16 kwa sababu iyo hiyo. Rubani aliyefunzwa vyema anajua kwamba nyaya zikishakuwa karibu mno, kujaribu kuziruka ni kujitia katika maangamizi. Hufungua tundu la kileleni mwa puto na kushuka hima, ili zikiguswa ziguse kitambaa, wala si kapu lenye watu na mitungi ya gesi.

Kuhusu kutua, nina rai ambayo wengi hawataipenda: ulaini si kipimo. Kapu husukwa kwa henzerani kusudi linepe na kuumeza mshindo, na pakiwa na upepo, kuburutwa hatua kadhaa katika uwanja mweupe ni salama kuliko kutua kwa madaha kando ya miti. Kipimo ni iwapo abiria walifundishwa mapema, kapu likiwa bado ardhini, kukunja magoti, kushika kamba na kuupa mgongo upande wa mwendo. Na iwapo kabla ya kugusa ardhi rubani alizima moto wake mdogo na kufunga gesi.

Fauka ya hayo, jua likishapanda, hewa huchemka na kupanda kwa vishindo, na ndiyo sababu safari hufanywa alfajiri. Anayekubali kuruka kwa kuchelewa ati kwa kuwa wageni wamekwisha lipa, leseni yake isikughuri. Basi wewe utakaye kujifunza, mwulize mwalimu ni lini mara ya mwisho alipoahirisha safari, na kwa sababu gani. Akikosa jibu, tafuta mwingine.