Wali wa Nazi Kando ya Ziwa

Mwanafunzi akiambiwa ahakiki kitabu, aghalabu hutafuta riwaya nene au tamthilia iliyowekwa katika mtihani, na hupenda mwandishi wake awe mtu mwenye jina kubwa. Leo nataka kuwaonyesha kazi ya namna nyingine. Ni hadithi ndogo sana, yenye picha nyingi na maneno machache, ambayo husomwa katika tovuti. Mwandishi wake ni Violet Otieno, na inasimulia likizo ya watoto wawili, Odongo na Apiyo, kwa nyanya yao. Yamkini baadhi yenu watasema kwamba hiyo ni hadithi ya watoto wadogo. Ni kweli, lakini ngojeni kidogo.

Tovuti yenyewe huitwa African Storybook. Ilianzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, kwa sababu ambayo kila mwalimu wa bara hili anaijua: mtoto hujifunza kusoma kwa kusoma mengi, na vitabu vilivyoandikwa kwa lugha ya nyumbani kwao ni vichache mno. Hadithi zake ni bure. Mtu aweza kuzisoma katika simu, kuzichapa katika karatasi, kuzitafsiri, hata kuzibadili, maadamu amtaje mwandishi wa kwanza. Kiswahili kimo, na Dholuo imo. Ruhusa hii ya kubadili ndiyo iliyonivuta. Kitabu cha dukani kikikosea, msomaji hana la kufanya ila kununa. Hapa msomaji amepewa kalamu, na mtu aliyepewa kalamu hana budi kujua anachokisoma.

Wanafunzi wangu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Kwa hiyo niliipakua hadithi katika simu yangu mwenyewe, nikaenda saiba mjini Homa Bay, nikachapisha nakala chache, na darasani tukasoma watu wanne wanne kwa nakala moja. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu husema juu ya mtandao kana kwamba ukiwapo, karatasi haina kazi tena. Kwetu mtandao ulifika darasani kwa miguu, umekunjwa ndani ya bahasha.

Hadithi yaenda hivi. Watoto wanakaa mjini na baba yao. Likizo ikifika anawachukua kwa gari, safari ndefu, wakipita milima, wanyama wa porini na mashamba ya chai, mpaka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa kubwa. Hapo wanamkuta nyanya amepumzika juu ya mkeka chini ya mti. Jina lake ni Nyar-Kanyada, na mwandishi anatueleza kwamba maana yake ni binti wa watu wa Kanyada.

Darasa lilipofika hapo likapiga kelele. Kanyada ni hapa hapa, karibu na mji wetu! Nikawaacha wafurahi, kisha nikauliza: je, kijiji hiki cha wavuvi ndicho Kanyada? Wengi wakajibu ndicho. Kijana mmoja wa nyuma akakataa. Alisema kwamba mwanamke haitwi kwa jina la mahali anapokaa, bali kwa jina la mahali alikozaliwa. Na kwa kuwa Mjaluo haoi katika ukoo wake, bibi huyu alitoka Kanyada akaolewa kwingine. Alisema kweli. Jina moja limebeba safari nzima ya msichana aliyeacha kwao, na hadithi haikutumia hata sentensi moja kuisimulia.

Majina ya watoto yana siri kubwa zaidi. Kwa desturi yetu Apiyo ni msichana aliyetangulia kuzaliwa katika mapacha, na Odongo ni mvulana aliyefuata. La kwanza lina maana ya haraka, la pili maana ya kubaki nyuma. Hadithi haisemi kwamba hawa ni mapacha. Mtoto wa huku hahitaji kuambiwa. Basi someni tena mahali watoto wanaposhindana zawadi ya nani ifunguliwe kwanza. Msomaji wa mbali huona watoto wawili wanaogombana kama watoto wote. Msomaji wetu huona mdogo anayetaka kutangulia na mkubwa asiyekubali kupitwa, ugomvi ulioanza siku waliyozaliwa. Kifungu ni kile kile, lakini mmoja amesoma kurasa mbili na mwingine moja.

Sifa za hadithi hii zisitufiche upungufu wake. Siku za likizo zimepangwa moja baada ya nyingine kama shanga: maji, kuni, mayai, mboga, ugali. Taabu ya kweli ni moja tu, pale Odongo anapochunga ng'ombe wa nyanya nao wakaingia katika shamba la jirani, na mwenye shamba akatishia kuwazuia. Hapo moyo wa msomaji unaamka, lakini jambo lenyewe linakwisha upesi. Sokoni ni pazuri: Apiyo anawatajia wateja bei, Odongo anafungasha vitu, na jioni wote wanahesabu fedha. Kwa maoni yangu kilele ni pale wajukuu wanapomsihi nyanya awafuate mjini, naye anakataa kwa upole, kwamba umri wake haumruhusu tena. Mwandishi angekaa hapo. Badala yake anaturudisha shuleni, ambako watoto wanabishana kama mji ni bora au kijiji, kisha wote wanakubaliana kwamba nyanya huyu ni mzuri. Huko ni kukwepa swali.

Nimeuacha wali wa nazi mpaka sasa kwa makusudi. Nyanya anawafundisha wajukuu kupika wali wa nazi, uliwe na samaki wa kuchoma. Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nazi kando ya Nam Lolwe! Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: mwandishi ametia chakula cha pwani katika chungu cha bara. Nilikuwa nimetayarisha somo zima juu ya kosa hilo.

Nilipolitaja darasani, msichana mmoja aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, nyanya yangu hupika. Babu alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi. Waliporudi nyumbani, nyanya alirudi na mbuzi." Darasa likacheka, kwa kuwa wote walimfikiria mnyama. Akangoja wanyamaze, akaeleza kwamba ni mbuzi ya kukunia nazi, ile yenye kiti na chuma cha meno. "Ipo mpaka leo jikoni," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Reli na bandari ziliwachukua Wajaluo wengi mpaka pwani, na waliorudi hawakurudi na mishahara tu. Labda Violet Otieno alikuwa na nyanya wa namna hiyo katika mawazo yake, labda hakuwa naye. Lakini ule wino mwekundu ulikuwa wangu, na kosa lilikuwa langu.

Hadithi hii imetembea. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, kikundi cha wataalamu kilichagua hadithi 40 kutoka tovuti ile wakaziweka katika lugha za wahamiaji wa nchi yao, na ya Nyar-Kanyada ni mojawapo. Tangu mwaka 2024 mashine ya Google ya kutafsiri nayo imeongezewa Dholuo. Mashine itageuza maneno, lakini haitamwambia mtoto wa Vancouver kwamba Apiyo alitangulia kuzaliwa, kwa sababu neno hilo halikuandikwa popote katika hadithi. Liko vichwani mwenu.

Tulikubaliana kutengeneza toleo letu la Dholuo, nami nikalipiga chapa katika simu jioni. Ubishi ulikuwa mwingi. Wengine walitaka neno mapacha litiwe wazi, kwa faida ya wageni. Wengine wakasema kwamba kulitia ni kumnyima msomaji wa huku furaha ya kujua mwenyewe. Kura zilipopigwa, upande wa wageni ulishinda kwa kura tatu. Mtu mmoja alipendekeza wali wa nazi uondolewe, uwekwe kuon. Yule msichana hakusema kitu, alimtazama tu. Wali tuliuacha.